Filamu ya Mgeta Ambayo Haikupigwa

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu kuhusu historia ya storibodi, yaani michoro inayoonyesha filamu picha kwa picha kabla kamera haijawashwa, kila kitabu nilichopata kilihusu studio za ng'ambo. Nilitaka kujua hapa kwetu nani alichora. Mhadhiri mmoja akanielekeza kwa mama mstaafu anayeishi mtaa wa Kihonda, aliyewahi kuchora storibodi.

Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka.

"Basi umekuja kwa mtu ambaye filamu yake haipo."

Kutoka juu ya kabati alishusha karatasi zilizoviringishwa ndani ya khanga. Enzi za usichana wake alichora filamu ya mwanamke mjamzito anayeshushwa kutoka milimani Mgeta hadi hospitali juu ya lori la kabichi. Alipanda mlimani mwenyewe, akakaa kando ya barabara akichora kona baada ya kona. Kisha mvua zikaikata barabara, kamera ikapelekwa kwenye kazi nyingine, na hakuna aliyeizungumzia filamu hiyo tena.

"Wewe unaandika historia ya filamu," aliniambia. "Hii utaiweka wapi?"

Mpaka siku hiyo nilikuwa naanza na filamu, kisha narudi nyuma kutafuta michoro yake.

Nilimwomba aje chuoni. Tulibandika karatasi kuzunguka ukuta wa darasa, naye akatembea kutoka moja hadi nyingine akitusimulia.

"Hapa kamera iko juu kwenye ukingo, lori tunaliona dogo. Hapa tuko usoni kwa mwanamke, tunasikia injini tu."

Akanguruma kama lori linaloteremka kwa gia nzito, wanafunzi wakacheka. Alipofika pale mwanamke anapong'ang'ania mkono wa mama mkwe wake, kicheko kilikwisha. Msichana mmoja aliyekulia Mgeta akasema, "Mama, kona hiyo naijua."

"Bado ni mbaya?"

"Bado."

Mchoro wa mwisho ulikuwa lango la hospitali. Alisimama mbele yake, akasema, "Mtoto ni wa kike," akatafuta kiti. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Msimamizi wangu wa tasnifu alilalamika kwamba sura niliyoandika baada ya hapo haina filamu ndani yake. Nilikubali kwamba haina. Aliipunguza karibu nusu, lakini akaiacha. Yule mama alipopata nakala yake ya tasnifu, yenye michoro yake ndani, alinipigia simu, akataka kujua kwa nini lori lake nimelichapa dogo vile.