Fundi Gonga na Ukuta Wenye Mlango

Saa mbili asubuhi, fundi rangi anabandika sikio kwenye ukuta wa sebule ya watu na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Anasogea, anagonga tena, kisha ananusa. Mwenye nyumba, mzee mstaafu aliyevaa kandambili, anamfuata nyuma hatua kwa hatua, na jambo hilo fundi halipendi hata kidogo.

Mtaani mama huyu wanamwita Fundi Gonga. Kazi yake ni ukuta mmoja tu. Chumba kinabaki na rangi yake ya kawaida, yeye anachagua upande mmoja na kuupaka rangi nzito, hadi chumba kilichopooza kipate sura.

"Ukuta huo ndio mgeni anaukumbuka," anasema. "Na ndio watu wanautumia kuficha maovu yao."

Anajua anachosema. Miaka michache nyuma, muuza nyumba mmoja alimtaka apake ukuta wa chumbani kijani kizito, tena haraka haraka. Akapaka, akasifiwa. Mvua zilipoanza, unyevu ukajitokeza na rangi ikabambuka. Mnunuzi, mjane mwenye watoto, aliwaambia watu wote kwamba fundi alikula njama na muuzaji. Karibu mwaka mzima hakupata kazi.

"Likinikuta tena lile, brashi naitundika," anasema.

Ndiyo maana leo machale yanamcheza. Mzee amechagua ukuta mbovu kuliko yote, wenye mlango wa chumbani katikati. Fundi alimshauri ule wa nyuma ya makochi, mpana na mtupu, mzee akakataa katakata. Anataka buluu ya giza, mlango ubaki mweupe pe, na kazi iishe kabla mkewe hajarudi kutoka kwa dada yake. Alipoulizwa sababu, alisema anapenda buluu.

Fundi anakwangua plasta pembeni. Kavu. Anakwangua kwingine, kavu vilevile. Badala ya kutulia, anazidi kuingiwa na wasiwasi.

"Mzee, mimi yalishanikuta," anasema. "Kama kuna kitu, niambie sasa hivi."

"Paka, mwanangu. Ukutani hakuna kitu."

Anapaka shingo upande, jicho moja kwa mzee. Alasiri, rangi aliyorudia mara ya pili ikiwa imekauka, mke anafika. Anasimama kidogo kizingitini. Kisha anavuka sebule moja kwa moja, mikono ikining'inia, anashika kitasa na kuingia chumbani.

Mzee anageukia dirishani na kujifuta macho. Kwa sauti ya chini anaeleza kwamba mkewe anapoteza uwezo wa kuona. Kwa muda mrefu amekuwa akipapasa ukuta mweupe kutafuta mlango mweupe, na hataki watoto wao wajue, wasije wakamwondoa nyumbani kwake. Mke mwenyewe ndiye aliyeruhusu baadaye haya yaandikwe, mradi majina yaachwe.

Fundi anaona aibu, na anaisema wazi. Anamwomba mzee radhi kwa pale alipokwangua plasta, akiahidi kupaziba.

Sauti inatoka chumbani. "Umemwambia, siyo? Huyo fundi ana mdomo?"

Fundi ndiye anayejibu, huku akikung'uta brashi.

"Sina, mama. Na kesho nakuja kuupaka ukuta wa chooni."