Mistari Saba Katika Ukuta wa Kanisa Kuu

Huko Ledrana, mji mdogo chini ya milima ya Friuli, mgeni akitaka kuonyeshwa kanisa kuu hapewi msomi. Anapewa mtu aliyelibeba. Ndiyo desturi yao tangu lilipofunguliwa upya: waliochambua mawe yake uwandani baada ya tetemeko ndio wanaotembeza wageni, na ambaye hakuvunjika kucha kule hana ruhusa ya kufungua mdomo chini ya matao yale yaliyochongoka, hata awe na shahada kumi. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya Misa ya saa nne, Onorina Tosolut alifunga vifungo vya koti lake la kijani, akasimama mlangoni na kuwasubiri watu wa mabasi.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, kimo kifupi, mikono kama ya mwanamume. Alikuwa akieleza vizuri kuliko wenzake wote, na alijua hivyo. Tetemeko la Mei mwaka 1976 liliangusha mnara. Lile la Septemba likamalizia kuta zilizokuwa zimejikaza. Wanajeshi wakazoa mawe yote, zaidi ya elfu nane, wakayatandaza kwenye uwanda kando ya mto, na kwa miaka kumi na ushei watu wa Ledrana wakawa wanayageuzageuza na kuyapa namba: hili la tao, hili la nguzo, hili la ukuta wa kaskazini. Kisha kanisa likasimama tena kwa mawe yake yenyewe. Wageni walipofika hapo katika maelezo wengine walikuwa wakitoa leso.

Lakini walichopenda zaidi kilikuwa jiwe namba 4106, karibu na mlango wa pembeni, usawa wa kiuno. Lilikuwa na mistari saba mifupi iliyochongwa vizuri, imesimama sambamba. Onorina aliweka kiganja juu yake na kusema kwamba fundi fulani wa miaka mia sita iliyopita alikuwa akihesabu kazi yake hapo. Watu walipiga picha. Ulikuwa uongo mtupu, na aliyejua ni yeye peke yake.

Jiwe lile lilikuwa mwimo wa mlango wa jikoni kwake. Nyumba yake iliegemea kanisa, na kila Krismasi mumewe Gjildo, mwashi, aliporudi kutoka kazini Stuttgart, alikuwa akimsimamisha binti yao Mirella mlangoni, akamwekea rula kichwani, na kuchonga mstari kwa patasi. Krismasi saba, mistari saba. Mei iliyofuata mnara ulianguka juu ya nyumba, Mirella akiwa kitandani. Ilikuwa saa tatu usiku na joto lisilo la kawaida, na mama yake alikuwa ametoka kidogo kwenda kufuma uani kwa wifi yake Delvina, hatua arobaini tu, kwa sababu Delvina alimwita.

Gjildo alifika siku ya tatu. Swali lake lilikuwa moja, na hakumwuliza mkewe, alimwuliza dada yake: Norina alikuwa wapi? Delvina aliogopa, basi akajibu kwamba alimwona anatoka tu, hakusema anakwenda wapi. Neno dogo hilo. Gjildo alizika, akarudi Ujerumani, na baada ya mwaka zikaja karatasi za talaka. Onorina alijitetea kwa barua nne, na zote zikarudi hazijafunguliwa. Mbele ya watu Delvina aliendelea kumwita wifi, na Jumapili akimletea jibini. Kuna watu wana uso wa chuma.

Mwaka wa tatu wa uchambuzi, siku moja ya ukungu, Onorina aligeuza jiwe akakutana na mistari. Aliketi kwenye majani mabichi. Sheria ya uwandani ilikuwa kali: jiwe la nyumba linakwenda lundoni, na lundo linasagwa liwe kokoto za barabara. Kuondoka na jiwe hata moja ilikuwa mwiko, mzee mmoja alikwisha fukuzwa kwa jambo hilo, tena lile lilikuwa na uzito wa mtu mzima, na yeye alikuwa akiishi kwenye kibanda cha mbao cha serikali. Picha za mtoto zote zilikuwa zimepotelea kifusini. Basi alifanya kitu kimoja tu. Alilisukuma jiwe kwa mtaimbo hadi mstari wa mawe ya ukuta wa kaskazini, akaliacha hapo.

Mchana akapita msanifu kijana waliyekuwa wakimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu mtu. Aliona mistari, akapiga magoti kwenye matope kwa furaha. Alama za mwashi, alisema. Na hakukosea, ila mwashi mwenyewe alikuwa hai, anajenga maghorofa Stuttgart. Daktari alimwuliza Onorina, kwa kuwa jicho lake liliheshimiwa, kama jiwe ni la kanisa. Akasema ndiyo. Wakalitia namba, wakalitafutia mahali, wakalijenga kwa kulilaza ubavu kwa kuwa ndivyo lilivyoenea, na mistari iliyokuwa imelala ikasimama. Tangu hapo Onorina alikuwa na mahali pa kuweka mkono kila asubuhi, na uongo wa kusema kila Jumapili. Aliusema bila kusita. Angeusema hadi kufa kwake, mradi jiwe libaki pale.

Sasa mwaka wa thelathini tangu tetemeko, chama cha Wafriuli wa Stuttgart kikaleta basi zima la wazee. Delvina ndiye aliyepanga safari, akamwambia wifi yake awape maelezo mazuri, ni watu wa nyumbani. Hakusema zaidi. Onorina aliwatembeza kuanzia mlango mkuu, na alipofika kwenye jiwe 4106, mkono ukiwa tayari juu ya mistari, akamwona. Gjildo alikuwa amenenepa, kichwa cheupe, ameshikwa mkono na mwanamke wa Kijerumani mwenye miwani. Delvina alikuwa nyuma yao.

Angeweza kuruka jiwe lile na kwenda kwenye madhabahu. Lakini wageni walikwisha kuona pale alipoweka mkono, na mmoja akauliza mistari hiyo ni ya nini. Akapiga moyo konde na kusema kama kawaida: fundi wa zamani, miaka mia sita, alikuwa akihesabu kazi yake.

Gjildo alimwacha amalize. Kisha akasogea, akainamisha kichwa bavuni ili aisome mistari kama ilivyokuwa kwanza, akapitisha ukucha ndani ya mmoja.

"Rudia, Norina. Huyu fundi alikuwa nani?"

"Hajulikani jina."

"Hajulikani. Na alikuwa akihesabu nini?"

Watu wa basi walidhani ni utani wa wazee, wawili wakacheka.

"Mimi nitawaambia," Gjildo alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwageukia. "Fundi ni mimi. Mstari huu niliuchonga nikiwa nimelewa, angalieni unavyokwenda upande. Hapa alikuwa na miaka mitano. Huyu mama anawauzia mlango wa jikoni kwangu."

Onorina alipaswa kusema kitu, akasema alichoweza, kwamba lingesagwa. Hakuna aliyeelewa ila Gjildo, naye hakutaka kuelewa.

Habari ilifika baa kabla ya basi kuondoka. Wiki ile watu wa Ledrana walikata kiu ya miaka ya umbeya. Walioketi na glasi zao za divai waliulizana kama madhabahu si sinki la mtu, na kama sanamu ya Mtakatifu Martino si bafu la mwalimu. Wachambuzi wenzake walichukia kuliko wote, kwa kuwa kama mmoja alidanganya, nani angeamini mawe ya wengine? Kamati ya kanisa ilimkalia kikao. Walimwuliza mawe mangapi mengine. Alisema hakuna. Walimwuliza tena, na tena, mara tano, hadi akaanza kusema hajui, na katibu akaandika hilo. Wakamwambia arudishe koti la kijani, naye akalivua pale pale, akabaki na sweta lenye kiraka. Sijui kwa nini hawakumwacha alirudishe kesho yake. Nadhani walitaka kuliona sweta.

Jiwe likaamuliwa litolewe. Kanisa lilikuwa na sifa ya kusimama kwa mawe yake, na sifa hiyo haikuvumilia jiwe la jirani. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa imeandikwa kwa jina la Gjildo, jiwe likawa la Gjildo. Alibaki siku nane zaidi kulisubiri, akilala kwa Delvina.

Siku ya kulitoa, mafundi wawili walilibeba hadi mlango wa pembeni, wakaliweka nyuma ya gari la kukodi, juu ya blanketi. Onorina alikuwa akisubiri tangu asubuhi. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu na hakulia. Alimwomba amwachie. Alisema Gjildo ana mke, ana watoto wengine, ana picha za harusi za watoto hao, naye hana hata kitambaa cha Mirella. Alisema atalitia ukutani mwake kwa mkono wake mwenyewe, na Gjildo akitaka aje alione kila mwaka.

"Nilikuachia mtoto mzima," Gjildo alisema. "Sasa unataka nikuachie jiwe?"

Onorina akamgeukia Delvina, aliyekuwa amesimama na funguo za gari mkononi.

"Wifi, mwambie. Miaka thelathini sijakuomba kitu. Mwambie nilikuwa uani kwako, na nani aliniita."

Delvina alizitazama funguo. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, kaka yake hatakuja tena, na neno moja lingetosha.

"Mimi hata sikumbuki mwenyewe nilikuwa wapi siku ile," alisema. "Mambo ya zamani hayo, wifi. Kaka, twende, jua linakuwa kali."

Wakaondoka. Pale ukutani mafundi walitia jiwe jipya, jeupe, na kama kanuni yao inavyotaka wakalichonga mwaka pembeni ili asije mtu akadanganyika. Wageni wanalipita bila kulitazama.

Baada ya Krismasi Delvina alikwenda kwake na jibini na bahasha. Alisema kaka ametuma picha, akaona si vibaya wifi naye aone, maana Gjildo si mtu mbaya. Jiwe lilikuwa limejengwa kwenye mlango wa bustani huko Stuttgart, tena limesimama wima kama mwanzo, kwa hilo lazima tumsifu. Kando yake alisimama mvulana wa Kijerumani mwenye meno makubwa, mjukuu wa Gjildo, mgongo umenyooshwa na rula kichwani. Juu ya mistari saba kulikuwa na mwingine mpya, bado una vumbi.

Onorina aliitazama picha, akauliza mvulana ana miaka mingapi. Delvina akasema minane. Onorina akamrudishia picha, akakata jibini na kumwekea kahawa, na mgeni alipoondoka akafunga mlango kwa ufunguo. Tangu siku hiyo Misa anaisikiliza redioni.