Maji ya Udhu Yaliyowasha Taa

Uvumilivu wangu uliisha Jumatano, binti yangu Zuhura aliporudi kutoka shuleni ananuka vumbi la ufagio. Mwalimu wa sayansi alikuwa akifundisha jinsi bwawa dogo linavyotoa umeme, akawabakisha wavulana darasani, wasichana akawatuma kufagia uwanja. Mara ya tatu hiyo. "Mwalimu ati kazi yangu mimi ni kubonyeza swichi," Zuhura akaniambia.

Miaka ya arubaini, nikiwa na umri kama wake, tulikaa mtaa wa Kibokoni, huku pwani. Baba alirudi kutoka bara, alikokwenda kujenga bwawa la kuangaza nyumba chache za shamba la chai, nami nikamuuliza maji yanawashaje taa. Hakunituma jikoni. Alitwaa gurudumu la baiskeli, akalifunga vifuu vya nazi vilivyooshwa, akalisimamisha uani juu ya beseni, na pipa la maji akaliweka juu ya kiti. Gurudumu likagoma. Ni mimi niliyesema pipa lipandishwe juu ya paa. Maji yakashuka kwa mpira wa bomba, vifuu vikajaa, gurudumu likazunguka na kuizungusha dinamo ya baiskeli aliyoifunga ubavuni. Ndani yake sumaku ikazunguka kando ya nyaya, na kitaa kikawaka chekundu kama kaa la ubani chetezoni. Kule bwawani ni vivyo hivyo, Baba akasema, ila maji yanazuiwa kwa ukuta, na nyaya zinafika hadi majumbani.

Tatizo ni kwamba maji yale yalikuwa ya Bibi, ya kutawadhia. Alitazama beseni, akakunja mikono. "Mushayatoa nguvu. Mimi nisali kwa makapi?" Baba hakubishana na mamake, aliniambia mimi nimweleze. Nikasema, "Bibi, hatukuyatoa kitu. Yameanguka tu, na kuanguka ndiko kulikowasha taa." Akayanusa, akayaonja, akatawadha. Tangu siku hiyo akaniita fundi, na jina likanikaa mpaka nikaolewa.

Baba hakukanyaga shule. Huyu mwalimu wa leo ana cheti, na anagawa mifagio. Alhamisi asubuhi nilimpelekea mwalimu mkuu barua, nikasimama pale mpaka ikapigwa muhuri:

"Nalalamika rasmi kwamba binti yangu na wasichana wenzake wamenyimwa masomo ya sayansi mara tatu, wakatumwa kufagia uwanja. Naomba somo la umeme lirudiwe mbele yao, na uwanja ufagiliwe kwa zamu, wavulana wakiwamo. Mwalimu akikosa vifaa, gurudumu la marehemu baba yangu ninalo. Nitalileta mwenyewe, na Zuhura ndiye atakayelifunga."