Mbuzi wa Nyaga na Dripu ya Kila Mwezi

Namkumbuka mbuzi wa shukrani ya kaka yangu Nyaga kuliko ninavyomkumbuka mbuzi wa harusi yangu, na mume wangu asisikie. Tulimchinja nyumbani kwetu Manyatta, kwaya ikaja, na mama akacheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mwanangu, hata wewe ungecheza. Tangu utotoni Nyaga alikuwa mtu wa kuugua. Masikio yakitulia, kifua kinaanza. Nimonia ikiondoka, ni kama imeenda kubadilisha nguo tu. Majirani walikuwa wamechoka kumpa pole.

Halafu daktari mmoja wa Nairobi akampima damu, akaona shida ilipo. Mwili wa Nyaga haukuwa unatengeneza kingamwili za kutosha, zile zinazopambana na vijidudu. Akaanza kuwekewa dripu yenye kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, watu wenye afya waliojitolea. Daktari alimwambia waziwazi kwamba dawa hiyo haiondoi shida yenyewe, inajaza tu kilichopungua, na kila mwezi lazima arudi kujaziwa. Nyaga alirudi miezi kadhaa, kikohozi kikakatika, mashavu yakajaa. Ndipo tukamtafuta huyo mbuzi.

Kosa lilitokea kwenye ushuhuda. Umekulia kwenye ushirika wa waliookoka, unatujua tulivyo. Mtu akishasimama akasema Bwana amemponya, maneno hayo hayarudishwi. Tena siku hizo ule ugonjwa mpya, Ukimwi, ulikuwa umeanza kutajwa redioni, na watu wakisikia kijana amepungukiwa na kinga, midomo haipumziki. Kwa hiyo Nyaga aliposimama hakubakisha kitu.

"Bwana asifiwe! Nimepona kabisa! Mimi na hospitali basi!"

Tulipiga makofi hadi mikono ikauma. Mwezi wa kurudi Nairobi ukafika, hakwenda. Ukafika mwingine, hakwenda. Nilipomuuliza alinikazia macho.

"Nirudi niambie watu nini? Ati nilidanganya kanisani? Ama Mungu alibadilisha mawazo?"

Nikaliacha hapo. Nilikuwa na umri kama wako, nami niliogopa kumkosea Mungu. Kikohozi kikaanza tena, kidogo kidogo. Akawa anaenda kukoholea shambani katikati ya majani chai, mama asisikie. Baadaye hakuweza hata kubeba kikapu. Nililia jikoni na kusingizia moshi, kwa sababu niliona kaka yangu atakufa akilinda maneno aliyoyasema kanisani.

Aliyelitatua jambo hilo ni cucu, mama yake baba. Alikuwa ameokoka kabla mchungaji wetu hajazaliwa, kwa hiyo hakuwa na wa kumwogopa. Alimkuta Nyaga amejifunika blanketi, akavuta kigoda, wala hakumpa pole.

"Jana uliomba kabla ya kula githeri?"

"Niliomba, cucu."

"Ulimshukuru Mungu kwa chakula?"

"Nilimshukuru."

"Na leo ukala tena! Kwani Mungu alikulisha nusu?"

Nyaga akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Cucu akangoja kiishe, kisha akamshika mkono.

"Wale watu waliotoa damu yao, unafikiri nani aliwagusa roho? Hukudanganya, mjukuu wangu. Ulikaa chini mapema tu, ushuhuda haujaisha. Kesho unaenda hospitali. Ukipata nguvu utasimama umalizie."

Akaenda. Walimlaza, wakamtibu kifua, wakamrudishia dripu yake. Jumapili aliyorudi kanisani alisimama, na mimi nikashika benchi kwa mikono yote miwili.

"Bwana aliniponya, na bado ananiponya. Alhamisi ya mwisho wa mwezi naenda kuwekewa dripu, na mwezi ujao tena. Mniombee mshipa upatikane haraka."

Watu wakageukiana. Halafu cucu akapaza sauti yake kule nyuma, "Amina!" na kanisa zima likaitikia. Mwanangu, nilihisi kama mtu amenitua mzigo wa kuni. Tangu siku hiyo dripu ya Nyaga ikawa inatangazwa pamoja na mazoezi ya kwaya na mkutano wa akina mama. Minong'ono ikafa yenyewe, maana utanong'ona nini kuhusu jambo lililotangazwa kanisani?

Sasa mama yako ameniambia nawe umeanza dripu kama ya Nyaga, nguvu zimerudi, na mnatafuta mbuzi. Mtafuteni! Nitakuja na nitacheza, magoti yakikubali. Lakini ukipewa maikrofoni, usiseme umemaliza. Shukuru kwa moyo wote, kisha utaje siku unayorudi, wote wakusikie. Ukijisikia mzima ndipo urudi zaidi, kwa sababu uzima huo ni dripu inayofanya kazi. Na ukiona aibu inataka kukukalisha nyumbani siku ya hospitali, niite, nitakuja na kigoda changu.

Nyaga, mvi kichwa kizima, amesema nyama ya shukrani yako atachoma yeye mwenyewe. Ombi lake ni moja tu: isiwe Alhamisi ya mwisho wa mwezi, siku hiyo ana dripu.

Mungu akupe siku nyingi, mwanangu, na nesi mwenye mkono mwepesi, na mshipa usiojificha.