Taa za Ukungu za Kaka Kobelo

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, niliyoshinda bila kuelewa kitu. Nilikuwa fundi umeme wa magari hapa Morogoro, kijana wa kujiamini kupita kiasi. Akaja kaka Kobelo, mtu wa Kinole kule milimani, na gari alilolinunua karibuni. Taa za ukungu za mbele haziwaki. Juzi yake ukungu ulikuwa umemfunika kwenye kona, tairi moja likatoka barabarani. Na kesho yake alfajiri ilikuwa lazima akamchukue mama yake kule mlimani, ashuke naye hospitali kwa upasuaji. Alikuwa anaogopa, wala hakuficha.

Nikaketi kwenye usukani, nikawasha. Zikawaka zote. Akashukuru, akaondoka, baada ya muda akarudi: zimegoma tena. Nikafungua bampa, nikapima fyuzi, balbu, waya mmoja mmoja. Kila kitu kizima. Nikabadilisha swichi, akaenda kuzunguka, akarudi na malalamiko yaleyale. Kwangu zinawaka, kwake hazitaki. Kichwa kiliniuma. Nilifika mahali nikaanza kudhani mwenzangu ana mkosi mkononi. Usinicheke.

Mzee Shomari, aliyenifundisha kazi, alikuwa pembeni anakunywa chai.

"Umemwona akiwasha?" akaniuliza.

"Mzee, kwani taa inawashwa namna ngapi?" nilimjibu, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Sijui. Ndiyo maana mimi ningetazama. Kaa naye humo ndani, halafu funga mdomo."

Nikakaa. Kobelo akafanya kama yuko kwenye ukungu wa kwao: akazima taa zote za gari, ndipo akabonyeza swichi ya taa za ukungu. Hakuna. Mimi, kila nilipojaribu, nilitangulia kuwasha taa kubwa bila hata kufikiri.

"Kaka, mbona umezima?"

"Kule juu zile kubwa zinanirudishia weupe machoni. Gari langu la zamani nilikuwa naacha hizi za chini peke yake."

Hili jipya lilikataa hivyo. Za ukungu hazipati umeme mpaka taa ndogo, zile zinazotangulia kubwa kwenye swichi, ziwe zimewashwa. Nikamwonyesha azungushe swichi hiyo hatua moja tu, kubwa zibaki zimezimwa. Zikawaka. Akazima, akawasha tena, akacheka peke yake. Gari halikuwa na ubovu wowote, nami nilikuwa nimeshalifumua lote. Kesho yake mama yake akafika hospitali salama.

Basi mwanangu, mtu akikuletea shida usiyoiona, usiseme haipo, wala usikimbilie kuitengeneza. Kaa karibu naye, mwache akuonyeshe anavyoishi nayo. Nimeona ndoa zikivunjika na watoto wakiadhibiwa, kwa sababu kila mmoja alijaribu kwa mkono wake tu, akaona inawaka, akamwita mwenzake mwongo.

Mungu akulinde njiani, na akupe watu watakaokuuliza kabla hawajakuamulia.