Picha Aliyoipiga Enid Ukutani

Enid Thackray aliwapikia watoto wa shule chakula cha mchana kwa miaka thelathini na mmoja, mjini Keighley, na siku aliyostaafu wenzake wa jikoni wakamchangia kamera. Alicheka sana. "Mngenipa sufuria, angalau ningejua pa kuanzia!" Lakini mwaka haukuisha, tayari alikuwa hashikiki. Mimi jirani yake ndiye niliyekuwa na gari. Kila Jumanne tulipanda mabonde ya kaskazini, yeye na kamera yake, mimi na chupa ya chai na mikate ya jibini. Alikuwa akilala kifudifudi kwenye nyasi, mvua inamnyeshea mgongoni, akimsubiri ndege aitwaye sululu ageuze ule mdomo wake mrefu uliopinda.

Huko ndiko tulikozoeana na Wilf Metcalfe, mfugaji wa kondoo, mtu wa maneno ya kuhesabu. Mwezi wa tano wa mwaka mmoja akatusimamisha langoni.

"We mama wa picha, mdomo wako unafungika?"

"Nimekaa na siri za walimu miaka thelathini, Wilf. Zako zitanishinda?"

Akatupeleka mpaka kwenye ukuta wa mawe juu ya kilima, akanyoosha kidole. Mbali kidogo, chini katikati ya vichaka, jike la mwewe wa nyika lilikuwa limelalia mayai. Mwewe hao wamebaki wachache mno. Wapo wanaowachukia kwa kula ndege wa kuwindwa, wale wanaotunzwa ili wapigwe bunduki msimu ukifika, na wapo wanaoiba mayai yao ili wayafungie kabatini.

"Mwisho hapa," Wilf akasema. "Na asijue mtu."

Enid akapiga picha akiwa palepale ukutani. Njia nzima ya kurudi machozi yalimlengalenga kwa furaha.

Jumamosi ile chama cha wapiga picha, ambacho Enid alikuwa amejiunga nacho, kilikuwa na maonyesho katika ukumbi wa kanisa. Akaniuliza kama aitundike. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Jina la mahali si hujaliandika? Itundike."

Watu wakajazana mbele ya picha hiyo. Bwana mmoja mpole, mwenye koti la kijivu, akakaa kuliko wote. Akaisifu lenzi, akausifu mwanga. "Hiyo asubuhi, eti?" akauliza.

"Mapema kabisa," Enid akajibu, kichwa kimemvimba. "Jua lilikuwa mgongoni kwangu."

Hakuna kati yetu aliyeona kilichokuwa nyuma ya ndege: pengo la ukuta mwingine uliobomoka, na juu yake kilele ambacho kila mtu wa pande zile anakijua; kwa kilele hicho na upande wa jua, mtu angeweza kufika mpaka kwenye kiota.

Baada ya siku tisa Wilf akapiga simu. Tulipofika, kiota kilikuwa kitupu, na alama za buti zimezama kwenye tope kando yake.

"Ni Clem Alderson tu," Wilf akasema. Clem alikuwa mlinzi wa ndege wa kuwindwa kwenye ardhi ya jirani. "Nimemfuata nyumbani kwake jana. Nimemwita mwizi mbele ya mkewe."

Nilimtazama Enid. Angeweza kunyamaza, nami ningenyamaza naye.

"Si Clem," akasema. "Ni mimi, Wilf. Niliitundika picha."

Wilf hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuangalia ule ukuta, kisha akasema, "Twende ukamwambie mwenyewe."

Clem alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Enid akaeleza yote, bila kunitaja mimi wala ushauri wangu. Nilisimama nyuma yake, nikizungusha funguo za gari.

"Mama," Clem akasema, "miaka ishirini watu wa hapa wananitazama kwa jicho la pembeni. Jana nilidhani hata mke wangu ameamini."

Wilf akavua kofia, akamwomba radhi. Clem akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango taratibu.

Polisi waliichukua picha, na maelezo ya lile koti la kijivu. Mtu hakupatikana. Chama kilimwambia Enid si kosa lake. Maneno hayo yalimuuma zaidi, akajitoa. Siku moja garini nikamwambia nilichokuwa nimekikalia: kwamba lawama ni yangu pia, maana mimi ndiye niliyesema aitundike. Akajibu, "Najua. Lakini aliyeshika msumari ni nani?"

Masika mawili sasa anajitolea na walinzi wa viota, mahali pengine, darubini shingoni. Mwewe hawajarudi kwa Wilf. Tukipita barabara ya chini yeye hutupungia mkono, lakini langoni haji. Enid bado anapiga picha za sululu. Mimi nazijua kwa mlio wa kamera tu, maana hamwonyeshi mtu yeyote.