Siku Nilipoirudisha Kompyuta Jumatatu

Ushirika wa pamba uliponipunguza kazini, nilikaa nyumbani miezi kadhaa, kisha nikaajiriwa na kampuni mpya ya minofu ya sangara. Kiwanda kilikuwa ufukweni, ofisi yetu mtaa wa Mirongo, katikati ya Mwanza. Walinipeleka Dar kwa kozi ya wiki mbili, nikarudi kuwa mtunzaji wa seva, ile kompyuta kubwa iliyohifadhi kazi za ofisi nzima. Wenzangu waliamini kwamba naongea nayo. Sikuwakatalia.

Kila saa kumi jioni nilichukua nakala ya mashine nzima kwenye kanda. Nilikuwa na kanda tano, moja kwa kila siku ya kazi. Likitokea baya, unachomeka kanda ya siku unayoitaka, na mashine inarudi kama ilivyokuwa siku ile. Kilichoandikwa baada ya hapo, kwaheri.

Alhamisi moja katibu muhtasi, mama wa Kikerewe asiyepitwa na jambo, aliniinamia sikioni.

"Meneja ameandika tangazo tangu juzi asubuhi. Kesho analitoa. Chai itakuwa dakika kumi."

"Kumi? Hata chapati haijapoa!"

Meneja wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka Mara, mrefu, mkavu, anayechapa kwa kidole kimoja. Tangazo lilikuwa ndani ya jalada lake, na jalada lilifunguka kwa neno lake la siri tu. Kulifuta nisingeweza. Lakini kuirudisha ofisi nzima Jumatatu, kabla tangazo halijazaliwa, hilo niliweza. Umeme wa Mwanza siku zile ulikatika unavyotaka, na ungebeba lawama bila kulalamika.

Kwenye kozi walitusisitizia kwamba kabla hujarudi nyuma, chukua kwanza nakala ya leo. Nilikumbuka hilo kanda ya Jumatatu ikiwa imeshaanza kufuta ya leo. Meneja alikuwa kiwandani. Nikawaambia watu wasiguse kitu, mashine inasafishwa, na baada ya saa moja hivi tukawa Jumatatu. Katibu muhtasi akaagiza chapati za ziada.

Ijumaa asubuhi meneja aliniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, hii kompyuta imelala?"

"Umeme, mzee. Umekula kazi za siku chache."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Umekula na hotuba yangu?"

Ndipo nikajua. Kesho yake alikuwa anamuaga binti yake wa kwanza, anayeolewa. Tangu Jumanne, baada ya tangazo, alikuwa akichapa hotuba herufi moja moja, na hakuwa ameiandika penginepo. Kumcheza shere meneja ni jambo moja. Baba wa bibi harusi ni jambo jingine kabisa.

Nilikimbilia kanda. Ya Jumatano haikuwa na kitu, kwa sababu jioni ile umeme ulikatika kweli. Ikabaki ya Jumanne. Nikaichomeka, meneja akaandika neno lake la siri, na hotuba ikatokea. Nusu. Iliishia hapa: "Mwanangu, siku ile ulipozaliwa, mimi".

Tangazo la chai nalo lilikuwepo, zima, halijapoteza hata nukta.

"Sina nguvu ya kuanza tena," alisema. "Itafute hiyo iliyobaki." Akaniachia jalada likiwa wazi, akaenda kukagua ukumbi.

Iliyobaki haikuwepo popote duniani. Nikaketi, nikaiandika mwenyewe. Niliandika kwamba siku binti alipozaliwa, mwalimu mkuu aligonga kengele saa nne asubuhi, akawarudisha wanafunzi wote nyumbani, na afisa elimu akamwandikia barua kali. Nikaongeza sentensi mbili za kumwambia mkwe kwamba huyu binti habishani, anashinda tu. Nikachapisha, nikaiacha mezani kwake.

Jumamosi ukumbini aliisoma kwa sauti ya gwaride. Alipofika kwenye kengele akanyamaza. Akanitafuta kwa macho juu ya miwani mpaka aliponipata, nimejificha nyuma ya chupa ya soda. Kisha akaendelea kusoma. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na vigelegele, na binti akainuka akamkumbatia huku analia. Tangu nimfahamu, sikuwa nimeona mtu akimkumbatia yule mzee.

Jumatatu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Sikugonga kengele. Nilikuwa nasahihisha madaftari."

"Nisamehe, mzee. Na haukuwa umeme. Nilikuwa mimi, kwa ajili ya chai."

"Sasa binti yangu anaisimulia kwa wakwe. Nitamwambia nini?" Alilitoa tangazo siku hiyo hiyo, tukanywa chai dakika kumi, midomo ikiungua. Kisha akadai nimfundishe kuchukua nakala.

Hilo ndilo lililonitoa jasho. Alichukua nakala ya kila barua yake asubuhi, alichukua baada ya kila aya, na zote aliziweka ndani ya seva hiyo hiyo. Wiki chache baadaye mashine ikagoma kupokea kazi yoyote, inasema haina nafasi. Nilipoipekua nikakuta nakala zimerundikana, zina majina kama "Usiguse" na "Usiguse Kabisa".

"Mzee, nakala ikikaa ndani ya mashine ile ile, mashine ikifa zinakufa zote. Na hapa zimeijaza."

Alivuta kiti, akaketi kando yangu. Nilizifuta kuanzia ya zamani, moja moja, na kila moja aliisoma kwanza mpaka mwisho. Kazi ile ilikula siku nzima. Tulibakiza tatu, tukazihamishia kwenye kanda, na mashine ikakubali kazi tena. Akavaa koti na kuniaga kwa kunipa mkono, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mfanyakazi yeyote.